Neno Indépendance na Neno Uhuru: Je, Ni Kitu Kimoja?

Maneno yaliyosemwa Makobola mbele ya wafanyakazi wa migodi na raia wa mji

Mmetuita tuseme juu ya maneno ya Wazungu, yale tunayoyabeba midomoni kila siku bila kuyapasua tuone yana nini ndani. Yako mengi, na tukitaka kuyamaliza yote jua litatua nyuma ya milima kabla hatujafika nusu. Kwa hiyo tumechagua moja tu. Hilo moja watoto wa shule wanalisikia kila tarehe 30 Juni, redio inalitaja, wakubwa wanalitolea hotuba, na bado kila mwaka baada ya sherehe mtu wa mgodi anarudi nyumbani akiuliza: sisi tulipata nini? Neno lenyewe ni indépendance.

Sisi tunaona ya kwamba swali hilo si la mtu mjinga. Ni swali la mtu aliyeambiwa neno moja, naye akasikia jingine.

Kwanza tulipasue. Indépendance ni neno la Kifaransa, lakini mizizi yake iko katika Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani, ile ambayo mapadri waliisomea misa katika misioni zetu mpaka miaka ya 1960. Lina vipande vitatu. In ni “si”. De ni “kutoka”. Na pend ni “kuning'inia”. Taa inaning'inia darini. Nyama inaning'inia kwenye ndoano ya muuza nyama. Ndoo inaning'inia katika kamba juu ya shimo la mgodi. Hivyo vyote, Mrumi angesema, vina-depend. Basi indépendance, ukiichukua kipande kwa kipande, ni hali ya kutoning'inia kwa mwingine. Hakuna zaidi. Neno halikutaja nchi, halikutaja bendera, halikutaja mtu wala tumbo lake. Linataja kamba tu, na kusema ya kwamba kamba haipo. Na Mfaransa hasahau kamba hiyo, maana kwake pendre ni kutundika kitu ukutani, na pendre ni kunyonga mtu pia.

Mtasema: huyo ni Mfaransa. Wengine je? Hapa ndipo ajabu inapoanza. Mflamand wa Ubelgiji anasema onafhankelijkheid. Ni neno refu kama treni ya shaba, lakini lifungueni: on ni “si”, af ni “kutoka”, na hank yake ni ndugu wa hangen, kuning'inia. Mjerumani anasema Unabhängigkeit: un, ab, häng, mambo yaleyale kwa mpango uleule. Hawa wawili walilitazama neno la Kilatini na la Kifaransa, wakalijenga upya kwa mbao za kwao, ubao kwa ubao. Kwa hiyo lugha zote tatu za serikali ya Ubelgiji, Kifaransa, Kiflamand na Kijerumani, zinasema kamba moja. Mwingereza alilichukua neno la Kilatini zimazima: independence. Mreno: independência. Mgiriki, ambaye wazee wanamkumbuka dukani katika miji mingi ya Kongo, hakuchukua kitu kwa Mrumi, alilitoa kwake mwenyewe: anexartisía. Na ndani ya hilo liko neno la kale la Kigiriki la kutundika. Mrusi anasema nezavisimost, na ndani yake mna viset, kuning'inia. Hata Mhungaria, ambaye lugha yake haina udugu na hizo nyingine, anasema függetlenség, na kwake függ ni kuning'inia. Karibu Ulaya yote, walipotafuta jina la nchi inayojitawala, walifikiri juu ya kitu kilichotundikwa.

Wachache waliliona jambo kwa jicho lingine. Mpolandi anasema niepodległość, ndiyo kusema kutolala chini ya mwingine. Nchi yake iligawanywa na majirani watatu, ikafutwa katika ramani toka mwaka 1795 mpaka mwaka 1918. Mtu wa namna hiyo hahitaji mfano wa taa. Mswidi anasema självständighet, kusimama mwenyewe. Mfini anasema itsenäisyys, na itse ni “mwenyewe”.

Sisi tunawapenda hawa wa mwisho, na sababu yetu ni hii. Kitu kilichokatwa kamba kinafanya nini? Kinaanguka. Ndoo haibaki hewani juu ya shimo kwa sababu imekuwa indépendante. Neno la Kilatini linasema usipokuwapo. Halisemi unasimama wapi. Mswidi amesema.

Tena msidhani neno hili ni la zamani za Warumi. Vipande vyake ni vya kale, lakini katika kazi yake ya leo lilienea Ulaya katika karne ya 17, na kazi yake ya kwanza haikuwa ya mataifa peke yake. Katika Uingereza ya miaka ya 1640 watu walioitwa Independents walikuwa Wakristo waliotaka kila kanisa lijitawale, lisining'inie kwa askofu. Baadaye neno likatoka kanisani likaingia barazani. Tarehe 4 Julai 1776 Wamarekani walijitenga na mfalme wa Uingereza, wakaandika ya kwamba makoloni yao ni dola free na independent. Angalieni vizuri: walitumia maneno mawili, hawakutumia moja. Waliona ya kwamba moja halitoshi, au kwamba hayo mawili si kitu kimoja. Na kwa kweli hayakuwa kitu kimoja, kwa maana Thomas Jefferson, aliyeandika sehemu kubwa ya tangazo lile, alikuwa na watumwa shambani kwake. Nchi yake ilikuwa indépendante toka 1776. Utumwa ulikatazwa nchini mwote mwaka 1865. Hesabuni: miaka 89. Kamba ya mfalme ilikatwa, na mnyororo wa mtu mweusi ukabaki pale pale.

Huko Haiti ilikuwa kinyume. Watumwa wenyewe waliwashinda askari wa Ufaransa, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza indépendance. Hapo maneno yote mawili yalikutana mahali pamoja. Lakini mwaka 1825 Ufaransa ilileta manowari na kudai franka milioni 150 ili ikubali ya kwamba nchi ile haining'inii kwake tena. Baadaye ikapunguza hesabu, lakini Wahaiti walilipa deni hilo na mikopo yake kwa vizazi. Mnaona? Kamba iliyokatwa juani ilifungwa tena usiku, safari hii kwa karatasi ya deni. Wahaiti wengi walikuja Kongo kufundisha katika shule zetu baada ya 1960, na wao hawakuhitaji kuelezwa jambo hili.

Wabelgiji nao walilitumia neno hilo kwa ajili yao wenyewe kabla ya kutukataza sisi. Mwaka 1830 waliasi kwa mfalme wa Uholanzi, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo wakatangaza indépendance ya Ubelgiji. Kila mtoto wa évolué aliyesoma shule ya mabwana hao alifundishwa mwaka 1830 kwa sifa kubwa. Mwalimu alifikiri anafundisha historia ya Ubelgiji tu.

Sasa tugeuke tutazame neno letu.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma na Ujiji, na mpaka pwani kwenyewe, watu wa TANU toka mwaka 1954 hawakutunga neno la kutoning'inia. Walisema uhuru. Neno hili limetoka kwa Waarabu: hurr ni mtu asiye mtumwa. Na Waarabu wenyewe wana maneno mawili. Hurriya ni ya mtu asiyemilikiwa. Kwa nchi inayojitawala wanasema istiqlal, na chama cha Morocco kilichodai nchi yake kwa Wafaransa kilichukua jina hilo hilo la Istiqlal. Sisi wa Kiswahili tulichukua la kwanza tukaliacha la pili. Mfaransa ana liberté na indépendance. Mwarabu ana mawili. Mwingereza ana freedom, liberty na independence, matatu mazima. Sisi tuna uhuru peke yake, nao unafanya kazi ya wote.

Wengine husema huo ni umaskini wa lugha. Sisi hatukubali. Tazameni neno hili lilikaa wapi kabla halijaenda mkutanoni. Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, walikuta ni kituo cha mwisho kaskazini ambacho wafanyabiashara kutoka pwani waliruhusiwa kufika, na bidhaa zake zilikuwa pembe za ndovu na watu. Katika miaka ya 1880 na mwanzo wa miaka ya 1890 Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, alitawala biashara hiyo toka Ujiji mpaka mwambao wetu huu. Mtu aliyesema “mimi ni huru” kwenye njia zile hakuwa anasema habari ya serikali. Alikuwa anasema: usinifunge, usinipime meno, mke wangu ni wangu, mtoto wangu hauzwi, jasho langu halina bwana. Hiyo ndiyo maana iliyokuja na neno. Na jina la zamani la Kiswahili chetu cha Kongo, Kingwana, linatoka humo humo: mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru. Lugha yetu ilipewa jina la watu wasio watumwa, ijapokuwa wengi walioieneza njiani walikuwa watumwa wa wakubwa, wakabeba bunduki na kujiita waungwana ili wasidharauliwe.

Lakini tusilipambe neno letu kupita kiasi. Pwani, mtumwa aliyeachwa huru hakuwa sawa na mwungwana. Aliandikiwa hati, akatoka, lakini aliendelea kumheshimu bwana wake wa zamani, kumtumikia katika shughuli, kulima ardhi yake. Kulikuwa na huru aliyezaliwa na huru aliyeachwa, na watu hawakuwachanganya. Warumi walikuwa na jambo lile lile. Mtumwa aliyefunguliwa waliita libertus, na bwana wake wa zamani, ambaye libertus aliendelea kumdai ulinzi na kumlipa siku za kazi, walimwita patronus. Neno hilo lilishuka kizazi kwa kizazi likaingia Kifaransa, likapanda meli Antwerpen, likafika Matadi, likafika Kamituga na Kolwezi. Ninyi mnalisema kila asubuhi. Patron! Ndiyo, ndugu zetu. Mkimwita mwenye mgodi patron, mnamwita kwa jina ambalo mtu aliyefunguliwa alimwitia bwana aliyemfungua.

Na katika lugha za Ulaya pia, ukichimba neno la uhuru wa mtu, hukuti kamba, unakuta nyumba. Free ya Mwingereza na frei ya Mjerumani ni ndugu wa friend na Freund, rafiki. Mzizi wake ni wa kupenda, maana watu huru walikuwa wale wapendwa wa nyumbani, wasio watumwa. Kwa Mrumi liber ni mtu huru, na liberi ni watoto wa nyumba. Kwa hiyo uhuru wetu, liberté yao na free yao vinakaa upande mmoja: vinasema juu ya mtu, mahali pake, na watu wake. Indépendance inakaa upande mwingine na kamba yake.

Hapa Makobola hatuna haja ya kufundishwa tofauti hiyo na kitabu. Mwishoni mwa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 watu mamia waliuawa katika vijiji hivi, wake kwa waume na watoto. Siku hiyo nchi ilikuwa indépendante kwa miaka 38 na nusu.

Turudi basi mwaka 1960, tuone maneno haya mawili yalivyopishana njiani.

Fujo za Léopoldville zilitokea tarehe 4 Januari 1959. Siku tisa baadaye, tarehe 13, mfalme Baudouin alisema katika redio ya kwamba Kongo itaongozwa mpaka indépendance. Januari 1960 viongozi wetu waliketi Bruxelles katika Meza ya Duara. Lumumba alitolewa gerezani kwenda kuketi nao, na tarehe 27 siku ikawekwa: 30 Juni. Kabasele na African Jazz waliokuwa huko huko Bruxelles wakatunga ule wimbo wa cha cha ambao Afrika nzima iliucheza. Wimbo ni wa Kilingala, lakini neno la Kifaransa lilibaki. Na midomo ya watu ililifanyia kazi haraka sana. Ile in ilianguka. De ya Kilatini, iliyosema “kutoka”, iligeuka kuwa kichwa cha jina kama majina yetu mengine: dipanda kwa Wakongo, lipanda kwa wasemao Kilingala. Hivyo neno lilipoteza “si” yake. Mrumi akifufuka leo akasikia dipanda, angeweza kudhani watu wanashangilia kuning'inia. Huo ni mchezo wa sauti tu, hatuufanyi hoja, lakini tumeucheka mara nyingi.

Meza ile ilikuwa ya siasa. Ya uchumi iliwekwa mbali nayo, Aprili na Mei 1960, wakati viongozi wakubwa walikuwa nyumbani wakitafuta kura. Walioketi huko wengi walikuwa vijana wanafunzi. Tarehe 17 Juni, siku 13 kabla ya bendera, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuruhusu kompani za koloni zijigeuze kuwa kompani za Ubelgiji. Watu wa sheria hufanya kazi kimya. Mgodi ukabaki Kongo, na makaratasi yakahamia Bruxelles.

Halafu ikafika siku yenyewe. Katika jumba moja, asubuhi moja, neno moja lilipewa maana mbili. Mfalme alisema indépendance ni mwisho mwema wa kazi iliyoanzishwa na Leopold wa Pili: kitu kilichotolewa, kama bwana aandikaye hati ya kumwacha mtumwa. Lumumba akasimama akasema ilipatikana kwa mapambano, akakumbusha kazi iliyolipwa mshahara usioweza kulisha wala kuvika, matusi, na mapigo. Alisema Kifaransa, na neno alilotumia ni indépendance. Lakini mambo aliyoyataja, sahani, nguo, mgongo wa mtu, ni mambo ya uhuru. Ndiyo sababu hotuba ile ilieleweka mpaka vijijini, na ndiyo sababu wengine hawakuisamehe.

Siku tano hazijapita vizuri, jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, aliwakusanya askari wa Léopoldville. Tarehe 5 Julai aliandika ubaoni hesabu yake: kabla ya indépendance ni sawa na baada ya indépendance. Wengi humcheka Janssens kwa ujinga. Sisi tunasema alikuwa mtu wa kusoma neno kama lilivyoandikwa. Kwake kamba ya Bruxelles imekatwa, basi. Askari ni askari, mshahara ni ule ule, ofisa ni Mzungu. Askari walikuwa wamesikia uhuru. Usiku ule ule kambi ya Thysville ilikuwa imeasi.

Na tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza indépendance ya Katanga. Ninyi wa migodi sikilizeni hapa. Ile ilikuwa indépendance ya namna gani? Ilikuwa kukata kamba iliyofungwa Léopoldville. Lakini kodi ya Union Minière ndiyo iliyolisha serikali ile, maofisa wa Ubelgiji ndio waliosimamia jeshi lake, na hakuna dola hata moja duniani iliyoikubali rasmi. Ilidumu mpaka Januari 1963. Nchi iliyotundikwa kwenye kompani iliitwa indépendante, na kwa Kifaransa cha kamusi hapakuwa na kosa, kwa sababu kamusi haiulizi ni kamba ipi nyingine iliyobaki.

Mobutu aliichukua Union Minière tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Watu walishangilia tena. Lakini shaba ilinunuliwa kwa bei inayotajwa London, na mwaka 1974 bei hiyo ilipopanda sana mwezi wa Aprili kisha ikaanguka zaidi ya nusu kabla ya Krismasi, serikali nzima ilianguka nayo kama ndoo. Mwaka ule ule wa 1967, ng'ambo ya ziwa, Nyerere alikuwa ametoa Azimio la Arusha na neno lake la kujitegemea. Hilo nalo lipimeni. Kutegemea si kuning'inia. Kutegemea ni kuegemea, kama mzee na fimbo yake, kama paa na nguzo. Anayening'inia hana miguu chini, anayetegemea anayo. Kama kazi ya Tanganyika ilifaulu au haikufaulu ni habari nyingine ya siku nyingine, lakini neno lilikuwa zuri kuliko la Kilatini, na Mswidi angelielewa mara moja.

Tumebakiza jambo moja la kamba hii, na ni la ninyi mnaokaa karibu na mizani.

Mizani ya zamani ilining'inia. Vibakuli viwili, kamba, na ufito katikati. Kwa hiyo kwa Mrumi neno la kutundika likawa neno la kupima uzito. Na kabla ya sarafu watu walilipa kwa shaba iliyopimwa, basi neno la kupima likawa neno la kulipa. Toka hapo limezaa ukoo mkubwa, na ukoo wote unafanya kazi mgodini. Poids ni uzito, kutoka hilo hilo; hiyo d ndani yake wasomi Wafaransa waliichomeka baadaye wakidhani inatoka neno jingine, na haitamkwi mpaka leo. Dépense, matumizi. Compensation, fidia. Suspendre, kumsimamisha mtu kazi, yaani kumtundika pembeni akiwa hana mshahara wala barua ya kufukuzwa. Mwingereza ana spend na pound, Mhispania ana peso. Pension pia ni mtoto wake: maana yake ya kwanza ni malipo yaliyopimwa. Wazee wa migodi wanaongoja pensheni toka miaka mingi, na hapo kweli neno limerudi kwa mama yake, kwa sababu wananing'inia.

Kuna na pensum. Hii ilikuwa sufu iliyopimwa asubuhi na kukabidhiwa mtumwa mwanamke ili aisokote kabla ya jioni. Kazi ya kipimo. Mfaransa leo kazi ya kipimo anaiita tâche, nalo lina siri yake: tâche na taxe ni mapacha wa mzizi mmoja wa Kilatini. Kazi ya lazima na kodi, neno moja! Bulamatari hakuhitaji kamusi kulijua hilo. Amri ya mwaka 1903 ilidai saa 40 za kazi kila mwezi kama kodi. Ile ya 1917 ikaleta mashamba ya lazima, siku 60 kwa mwaka. Na katika vita, mwaka 1942, siku zikafika 120.

Na mtoto wa mwisho wa ukoo huu ni penser, kufikiri. Kwa Mrumi kufikiri ilikuwa kuweka jambo mizanini, huku na huku, mpaka ufito utulie.

Sasa tazameni mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Bei inatajwa London kwa wakia, na wakia ni gramu 31 na kidogo. Inashuka toka London mpaka Dubai, toka Dubai mpaka Bujumbura au Kampala, toka huko mpaka kwa mnunuzi wa mjini, toka kwake mpaka kwa mnunuzi wa kilimani, na kila mkono unakata kipande chake kabla haijafika kwenu. Mahali pengine dhahabu bado inapimwa kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani zisizotumika tena. Aliyeshika mizani ndiye anayejua kijiti kimekatwa wapi. Mchimbaji anadaiwa chakula na PDG wa shimo, PDG anadaiwa mafuta ya pampu na mnunuzi, mnunuzi anadaiwa na mkubwa wake wa mjini. Mama twangaise anatwanga mawe yaliyobaki. Hata jina lake ni la kuangalia: kitenzi chetu twanga, kilichovishwa mkia wa Kifaransa. Hao wote ni raia wa nchi indépendante. Hakuna afisa wa Bruxelles juu yao. Ukiuliza kwa Kifaransa kama wana indépendance, jibu ni ndiyo, toka 30 Juni 1960, saa za asubuhi. Ukiuliza kwa Kiswahili kama wako huru, watanyamaza kidogo, kisha watakuuliza unataka kujua bei ya leo au ya jana.

Ndiyo sababu tunawaomba jambo moja, wenye kuandika barua, risala na maombi kwa wakubwa. Mnapotafsiri, msiandike indépendance mahali ambapo watu wamesema uhuru. Mkubwa atasoma indépendance, atajibu ya kwamba mlishapewa, na faili litafungwa. Andikeni kipande kwa kipande kile watu walichosema: mizani iliyokaguliwa, njia isiyo na vizuizi vya kutoza fedha kila kilima, deni lenye karatasi, usiku wa kulala bila bunduki. Hayo hayana neno moja la Kilatini, na mkubwa hatasema yamekwisha patikana.

Wazee wa Kibembe, wa Kivira na wa Kifuliiru mlioko hapa, msiondoke bado. Kiswahili kilichukua uhuru kwa Mwarabu, lakini babu zenu walikuwa na jina la mtu asiyefungwa na mtu kabla ya Mwarabu na kabla ya Mbelgiji. Njoni mbele mmoja mmoja mlitaje, na mtueleze katika lugha yenu jina hilo linasimama, linaegemea, au linaning'inia. Tuna daftari na kalamu, tutaliandika kama mtakavyolisema.